Nambari ya Holger

Agosti 2, Ijumaa

Barua imefika leo pamoja na gazeti la chama cha bustani. Ina kurasa mbili. Wa kwanza unasema kwamba mimi, Alfons Kuschel, mstaafu, nimeandikishwa katika kesi ya pamoja ya wenye magari ya dizeli dhidi ya kiwanda, na nambari ya dai langu ni ndefu kuliko nambari ya simu. Wa pili una mstari mmoja tu: kiambatisho kimoja kimepokelewa, na nakala zake zimepelekwa kwa pande zote mbili.

Fomu haikuomba kiambatisho. Nimeisoma upya tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na hakuna mahali inapoomba. Mimi niliongeza mwenyewe. Kwa miaka ishirini na minane kazi yangu ilikuwa kusahihisha vitabu vya maelekezo ambavyo kiwanda huviweka kwenye droo ya kila gari, na mtu aliyezoea kazi ile hawezi kuandika kwamba alinunua gari bila kuonyesha alilinunua kwa nani. Basi nikatoa nakala ya mkataba wa mauzo, nikaibana kwenye fomu, nikaenda posta nimeridhika na nafsi yangu.

Muuzaji katika mkataba ule si duka. Ni Holger Brandes, mume wa binti yangu Regine. Sisi wa mji huu hatununui magari dukani. Mfanyakazi hupewa gari jipya kwa bei ya wafanyakazi, hulitumia mwaka mmoja, kisha humwuzia baba yake, shangazi yake au jirani. Na mkataba, kwa utaratibu wa kiwanda, hubeba nambari ya kazi ya muuzaji. Nambari ya Holger iko juu kulia, tarakimu sita. Nilizipigia mstari kwa penseli ili zisomeke vizuri.

Holger anafanya kazi katika chumba cha kupimia moshi.

Agosti 3

Joto. Maharage yanakauka kuanzia chini. Chama kimekataza kumwagilia maji kabla ya saa moja jioni.

Niandike kwa nini nilijiandikisha, kabla hofu haijanitungia sababu nyingine.

Kitabu cha gari langu kinasema kwamba injini hii ni miongoni mwa zilizo safi kabisa, na kwamba mwenye kuiendesha anawajali wanaovuta hewa nyuma yake. Nilikisoma kitabu kile penseli mkononi, ingawa nilikuwa nimeshastaafu, nikakuta koma moja tu imekosewa. Nikakiamini. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya injini kulikuwa na programu iliyotambua gari linapopimwa. Likiwa chumbani, moshi ulibanwa. Likitoka barabarani, uliachiwa. Kwa miaka minne nilimpeleka marehemu mke wangu, Ursel, kwa daktari wa mapafu kwa gari lile. Alikuwa akilisifu kwamba halinuki.

Sikutaka pesa nyingi. Nilitaka mahali fulani, kwenye karatasi yenye muhuri, iandikwe kwamba sentensi ile ilikuwa ya uongo.

Agosti 5, Jumatatu

Nimepiga simu kwenye chama cha kutetea wateja, ambacho ndicho kilichofungua kesi kwa niaba yetu. Nilisubiri nusu saa. Mwanamke aliyepokea alikuwa na subira. Nilimwuliza kama naweza kuitoa karatasi moja na kubakiza jina. Haiwezekani. Naweza kujitoa kabisa, kwa barua au kwa faksi, mradi iwafikie kabla ya mwisho wa siku ya kwanza ya kusikilizwa, yaani Septemba 24. Aliyejitoa harudi.

Nilimwuliza kama mawakili wa kiwanda husoma viambatisho. "Bwana Kuschel," akasema, "wanalipwa wavisome."

Agosti 6

Hakuna mvua.

Agosti 7

Hakuna mvua. Nimemwona mpeleka barua kutoka dirishani nikaingia bafuni mpaka akapita. Mimi, mzee wa miaka themanini na mbili.

Agosti 11, Jumapili

Kahawa kwa Regine, saa kumi kama kila Jumapili. Keki ya plamu, ya kwanza mwaka huu.

Katika nyumba ile kila kitu kimetoka kiwandani. Regine ni karani wa mishahara kule. Mkopo wa nyumba umetolewa kwa dhamana ya ajira zao wawili. Hata soseji zilizomo kwenye friji zimetengenezwa na jiko la kiwanda, na zina nambari ya kipuri kama skrubu. Tangu jambo lilipofichuka Regine ameweka sheria: mezani hakuzungumzwi moshi. Tunazungumza magoti yangu.

Holger zamani alikuwa mtu wa mizaha. Alikuwa akiiga lafudhi yangu ya mashariki mpaka Ursel anacheka na kushika kifua. Sasa ana miaka hamsini na mitatu na anakula kama mtu anayetimiza wajibu. Najua kwamba kila aliyefanya kazi katika chumba kile ameitwa ghorofa ya tisa, kwa wakubwa, kuhojiwa mmoja mmoja. Yeye aliitwa mara moja, akasema hakuona kitu, wakamwacha. Wenzake wawili hawakuachwa. Mmoja amefukuzwa, wa pili anangoja kushtakiwa. Kinachomlinda Holger ni kwamba hakuna anayemkumbuka. Nami nimepeleka nambari yake kwa mawakili, imepigiwa mstari.

Alikuwa anajimiminia maziwa aliposema, bila kunitazama: "Baba, ule mkataba wa gari bado unao?"

Nikasema upo kwenye faili.

"Nitapita kuuchukua wiki hii. Mambo ya kodi tu."

Mambo ya kodi ya gari aliloliuza miaka minane iliyopita. Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

Agosti 12

Nimetoa mkataba kwenye faili. Ili kutoa nakala nilikuwa nimeing'oa pini ya zamani, kisha nikabana upya kidogo pembeni. Kwa hiyo kona ina matundu manne badala ya mawili. Nimejaribu kuyafinya kwa ukucha. Yameonekana zaidi.

Mstari wa penseli nilikuwa nimeupiga kwenye nakala tu, au kwenye mkataba wenyewe pia? Nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Kwenye wenyewe pia. Nimeufuta. Pale palipofutwa pameng'aa.

Agosti 14, Jumatano

Amekuja saa kumi na moja, akiwa bado na fulana ya kazi. Hakuketi. Alichukua mkataba, akasogea dirishani, akauinamisha kidogo kwenye mwanga kama mtu anayekagua kioo cha gari. Alikaa hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Nilihesabu.

Akaukunja, akautia mfukoni, akasema viazi vyangu vinahitaji maji. Akaondoka.

Anajua. Kiwanda kimemwuliza, naye amekuja kuhakikisha.

Agosti 17, Jumamosi

Mkutano wa chama cha bustani, kwenye ukumbi wetu, mabenchi na bia. Ajenda zilikuwa urefu wa ua kati ya viwanja (kuna wanne wamepitisha kipimo), mita za maji, na kelele za mashine saa za kupumzika mchana.

Bi Lüders wa kiwanja cha 31 aliingia kwa kuchelewa. Ni mjane, alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwezi Mei alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba amejiandikisha katika kesi na haoni haya. Jina lake lilitoka na picha. Aliketi mwisho wa benchi lililokuwa na nafasi ya watu watano. Dakika kumi baadaye lilikuwa na mtu mmoja. Mmoja alikwenda kuchukua bia akarudi kukaa kwingine, wa pili akaona rafiki, wa tatu akaumwa na mgongo.

Nami nilikuwa nimesimama, natafuta pa kukaa. Niliketi karibu na Ewald Ziemann.

Ewald ni jirani yangu wa ua, msimamizi mstaafu wa kitengo cha rangi, mtu wa sauti. Alisema, si kwa kunong'ona: "Waliojiandikisha wang'oe viazi vyao wakalime kwingine. Kiwanda kimewajengea hospitali, bwawa la kuogelea, hata ukumbi huu. Wewe unajua, Kuschel. Nyinyi wa mashariki mlishuka stesheni na sanduku moja, mkapewa kazi wiki ileile."

"Nilikuwa na miaka tisa," nikasema.

"Basi baba yako alipewa."

Baba yangu hakuwa amefika, lakini sikutaka kusahihisha. Kweli nilishuka na kadi ya boksi shingoni, yenye jina na nambari, na mama alinikataza kuivua hata wakati wa kulala. Kijiji nilichotoka kimekuwa nchi nyingine tangu vita viishe, na sasa kina jina ambalo siwezi kulitamka sawasawa. Tulifukuzwa kwa orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa, na tukapokewa kwa orodha nyingine. Tangu hapo, ukiacha bustani hii, sikuwahi kujiandikisha popote kwa hiari, si chama cha siasa, si bahati nasibu. Mara moja tu, uzeeni.

Bi Lüders alipiga kura kuhusu ua kama wote. Aliinua mkono wake vizuri, umenyooka.

Agosti 18

Sikwenda kwenye kahawa. Nimesema magoti.

Agosti 20

Hakuna mvua.

Agosti 23

Hakuna mvua. Plamu zinaanguka zikiwa ndogo, zimekunjamana kama vidole vya aliyekaa majini.

Agosti 29

Gari limekaa wiki tatu bila kuwashwa. Wanasema mahakama itapunguza fidia kwa kila kilomita ambayo gari limetembea, lakini siyo sababu. Nikiliwasha nasikia Ursel akisema halinuki.

Septemba 3, Jumanne

Nilikuwa natembea kando ya mfereji kama saa nne asubuhi, daktari ameniagiza. Gari la Holger lilikuwa limeegeshwa chini ya daraja. Wiki hii yuko zamu ya asubuhi. Saa nne alipaswa kuwa kazini tangu saa kumi na mbili. Alikuwa ameketi ndani, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Nilijificha nyuma ya mti. Nilikaa pale muda mrefu, naye hakufanya chochote. Hakuvuta sigara wala hakupiga simu.

Mfereji pale una kina cha mita nne. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Hatimaye akawasha gari akaondoka.

Septemba 4

Nimempigia Regine kuuliza kama Holger hajambo. Amesema kwa nini asiwe hajambo. Nikasema nimeuliza tu. Akasema, "Baba, wewe huulizagi tu."

Septemba 8, Jumapili

Regine ameahirisha kahawa. Amesema Holger ana mafua.

Septemba 12, Alhamisi

Regine alikuja bustanini peke yake, mchana, saa za kupumzika ambazo hata mlango wa kibanda tunaufungua polepole. Alikuwa na viatu vya ofisini. Aliketi kwenye kiti cha mama yake na kuanza kukata ncha za maharage niliyokuwa nimechuma. Ana miaka hamsini na moja, na akiogopa huwa anafanya kazi ya mikono, tangu alipokuwa mdogo.

Alisema Holger halali wala hali. Wiki iliyopita hakwenda kazini siku mbili bila kumwambia. Amejua kwa sababu siku hizo zimepita kwenye meza yake ya mishahara. Alipomwuliza, alisema anafikiri. Ametoa makaratasi yote ya zamani, daftari zake za kazini, hata mkataba wa gari langu, akayapanga sebuleni sakafuni, kisha akayakusanya na kuyafungia kwenye buti la gari.

"Wamemwita tena?" nikauliza.

"Sijui. Hasemi. Lakini kuna kitu kimemfikia, Baba. Alikuwa ametulia. Miaka minne tumetulia. Mwezi wa nane kikamfikia kitu, akabadilika siku moja."

Nilikuwa na kisu mkononi, nikakiweka chini.

"Wakimchukua Holger," akasema, "na mimi wataniondoa. Hawatasema ni kwa sababu hiyo. Nyumba itakwenda. Na yeye atakwenda jela, kwa sababu wakubwa hawaendi, wanakwenda wanaopima." Alisema hayo kwa sauti ya kusoma orodha ya sokoni. "Kama kuna mtu unamfahamu hapa bustanini, aliyejiandikisha kwenye ile kesi, mwambie ajitoe. Kila jina linaloongezeka, wanatafuta mtu wa chini zaidi wa kumtupa."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwepo, yamepangika, hata alama zake nilizijua. Nikaona namna anavyoyashika maharage, kwa ncha za vidole, kama mama yake.

"Namfahamu mmoja," nikasema. "Nitamwambia."

Alinibusu kipajini akaenda zake. Maharage aliyoyakata yote yalikuwa ya urefu mmoja.

Septemba 13

Nimeandika barua ya kujitoa. Sentensi moja. Nimeiandika mara sita. Sijaipeleka.

Septemba 15

Mvua. Saa mbili nzima, ya nguvu. Imechelewa mno kwa viazi.

Septemba 17, Jumanne

Nimechimba viazi. Vidogo, vingi vina magamba. Ewald aliniona nahangaika na uma wa kuchimbia, akavuka bila kukaribishwa, akaninyang'anya. Alichimba mistari mitatu bila kusema, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Kisha akaegemea uma. "Gari lako ni lile la injini ile, siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Langu pia." Akaangalia kibanda chake. "Fomu ninayo kule ndani tangu mwaka jana, chini ya mbegu za figili. Nimeijaza yote. Saini tu." Akacheka bila furaha. "Muda umepita sasa. Mpwa wangu yuko kitengo cha milango, ana watoto watatu. Na mimi ndiye ninayepayuka ukumbini. Unajua kwa nini napayuka, Kuschel?"

"Ili wasikuulize."

"Ili wasiniulize," akasema, akaendelea kuchimba.

Miaka kumi na tisa nimemwona Ewald kuwa mtu asiyeogopa kitu, na kwa sababu hiyo nikamwogopa. Nilitaka kumwambia kwamba jina langu limo. Nilimpa ndoo ya viazi.

Septemba 20

Wiki yote mvua. Regine hajapiga simu, nami sijapiga.

Septemba 22, Jumapili

Nilipita mbele ya nyumba yao kwa mguu. Mapazia ya chini yalikuwa yamefungwa mchana. Gari la Holger halikuwepo. Nimerudi kwa njia ndefu, nisipite kwenye mfereji, kisha nikageuka nikapita kwenye mfereji. Hakuwepo.

Septemba 24, Jumanne

Nitaandika kwa mpangilio, kwa saa zake.

Saa mbili asubuhi redio ilisema kwamba kesi inasikilizwa katika ukumbi wa mikutano wa mji wa jirani, kwa kuwa hakuna chumba cha mahakama kinachotosha. Wadai ni maelfu kwa maelfu. Mtangazaji alisema leo ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa. Alisema kwa wepesi, kama anayetaja tarehe ya kupeleka takataka.

Saa nne nilipiga simu kwa Regine, nyumbani. Hakupokea. Nikapiga ofisini. Mwenzake alisema Regine leo ameomba ruhusa, mambo ya kifamilia. Nikauliza mambo gani. Akasema, "Wewe si ndiye baba yake?"

Basi nikajua wamemchukua. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba ngazi ina kidato kimoja zaidi, kwa mguu. Niliona chumba, niliona karatasi yangu mezani mbele yake, kona yenye matundu manne.

Saa tano na nusu nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stesheni, ambako bado wana faksi. Mbele yangu mtu alikuwa anatoa nakala za tangazo la paka aliyepotea. Niliwaza kwamba nikijitoa, nitatoka na karatasi yangu. Mawakili watalifunga jalada langu, na nambari ya Holger itafungwa humo. Sijui kama sheria iko hivyo. Sikuuliza. Saa sita kasoro dakika ishirini mashine ilivuta barua yangu ya sentensi moja, ikanirudishia kipande cha karatasi kilichosema imefika.

Nilijisikia mwepesi. Lazima niandike hilo pia. Nilinunua mkate wa mbegu za kitani, nikaenda bustanini, nikafunika tuta la stroberi kwa majani makavu, nikapiga mluzi.

Saa kumi na moja Holger aliingia kwa lango dogo. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa kwenye mazishi ya Ursel. Aliketi kwenye ukingo wa toroli, nalo likainama, akalizuia kwa kisigino. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyeshushwa homa.

"Nimetoka kwa mwendesha mashtaka," akasema. "Nilienda mwenyewe. Regine alinisindikiza. Analia nyumbani, lakini alinisindikiza."

Niliketi kwenye kiti cha Ursel.

"Nimewapa daftari zote. Vipimo vya chumbani na vipimo vya barabarani, miaka miwili, kwa mwandiko wangu. Na mkataba wako, maana gari lile nililipima mwenyewe kabla sijakuuzia. Nilijua linatoa nini. Nikakuuzia wewe, ukawa unampeleka Mama kwa daktari nalo." Alisugua magoti yake. "Nilisema sikuona kitu, Baba. Niliona kila siku."

Mvua ya manyunyu ilianza. Hakuna aliyeinuka.

Akasema tangu mwezi wa nane alijua kwamba nimejiandikisha. Alikuwa amekuja kuchukua mkataba akiwaza tu kwenda kwa mwendesha mashtaka, hakuwa ameamua kitu. Kila mwaka alikuwa anataka, kila mwaka anaacha. Alipoushika akaona kona imebanwa mara mbili, na pale juu kulia pamefutwa.

"Nikasema, huyu ametoa nakala, na ameniogopa mimi mpaka akafuta penseli. Mzee ana miaka themanini na mbili, hataki hata kujiandikisha kwenye bahati nasibu, na ameweka jina lake. Mimi je?" Alicheka kidogo, kile kicheko cha zamani cha kuiga lafudhi yangu. "Nilikaa chini ya daraja siku mbili nikikuwaza. Regine alisema kiwanda kitatusaga. Nikamwambia angalau upande ule tayari kuna mtu wa kwetu."

Nilikuwa bado na majani makavu mikononi. Ningeweza kunyamaza. Hangeweza kujua; orodha ile haisomwi na kila mtu, na mimi ningekufa siku moja si mbali.

"Jina langu halimo tena," nikasema. "Nimejitoa. Leo."

Hakuelewa kwanza. Nilimwonyesha kipande cha karatasi cha mashine, kwa sababu mimi ni mtu wa kuonyesha. Alikisoma chote, hata nambari ya duka.

"Saa sita kasoro ishirini," akasema.

"Nilidhani wamekuchukua. Nilidhani ni kwa ajili yangu."

"Mimi niliingia saa nne," akasema Holger. "Saa sita kasoro ishirini nilikuwa nimeshawatajia nambari ya gari lako. Niliwaambia baba mkwe wangu ni mdai."

Alinirudishia kile kipande. Hakukitupa, alinirudishia, mkononi. Tukakaa. Upande wa pili wa ua nilimsikia Ewald akiacha kukata matawi.

Nilipiga simu kwenye chama cha wateja saa kumi na mbili kasoro, kutoka bustanini, mbele yake. Mwanamke yuleyule. Alitafuta, akasema imepokelewa, imeingizwa. Nikamwuliza kama kuna njia. Akarudia sentensi ileile: aliyejitoa harudi.

"Sikuja kukulaumu," Holger akasema aliposimama. "Nilikuja kukushukuru. Sasa hizo shukrani sijui nizifanye nini."

Septemba 25

Sijalima, sijasoma. Regine alipiga simu saa tisa. Alisema amesikia. Alisema, "Yule mtu uliyemfahamu," kisha nikasikia redio yao tu nyuma yake. Akasema kiwanda kimemsimamisha Holger kuanzia leo, na kesho saa nane arudishe kadi yake langoni. Yeye hawezi kwenda naye. Bado hajaondolewa kazini, na dirisha la ofisi yake linatazama lango lilelile.

Nikasema nitakwenda mimi. Akasema saa nane ni kubadilisha zamu. Nikasema najua ni saa ngapi.

Septemba 26, Alhamisi

Tulikwenda kwa gari langu. Nililiwasha mwenyewe. Nilitaka tufike mapema ili tuwakwepe wa zamu, Holger akasema hapana, wamesema saa nane.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu utotoni, nami nayaandika haya ili nisije nikajisifu baadaye. Wanatoka watu elfu kadhaa kwa dakika kumi. Wanatoka kwa vitengo, wakiwa na mifuko yao ya chakula, na mji mzima unajuana kwa nyuso. Holger alivuka kizuizi cha vyuma kinachozunguka, kwa kadi yake, akaingia kibanda cha walinzi. Mimi nilibaki nje, na kofia yangu nzuri, pale ambapo kila mtu angenipita.

Walinipita. Wa chumba cha kupimia niliwatambua, walikuwa wamewahi kula keki kwa Regine. Wa kwanza alitazama simu yake. Wa pili alitazama viatu vyangu. Wa tatu, mwanamume mnene mwenye ndevu, alipunguza mwendo, akanishika kiwiko, akakibana kwa nguvu, akaenda bila kugeuza kichwa. Nilitaka kukaa chini. Hapakuwa na pa kukaa.

Holger alitoka kwenye kibanda mikono mitupu, kadi imebaki kwa walinzi. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kizuizi, akatia mkono mfukoni, akasimama. Watu hupita pale kwa kadi tu, kuingia na kutoka. Alikuwa ametumia miaka thelathini na moja kupita bila kufikiri, na hakuna aliyefikiri kwa niaba yake. Nyuma yake foleni ya zamu ilijigawa ikahamia vizuizi vingine.

Alisukuma chuma mara moja, polepole. Hakikuzunguka. Akakiachia, akaweka mikono yake juu yake. Mimi nikasogea upande wa nje, nikaweka yangu. Tukasimama hivyo, yeye ndani, mimi nje, tukimngoja mlinzi amalize simu yake.